Fundi wa pekee hana haraka

Wiki hii nazungumzia kompyuta, lakini asiyewahi kuigusa asizime redio, maana jambo lenyewe analijua. Ni lile la duka la pekee mtaani: mwenyewe hufungua atakapo, mizani yake haibishiwi, na chenji ikikosekana unaambiwa urudi kesho.

Anayesoma kurasa za intaneti hutumia programu iitwayo kivinjari. Katikati ya miaka ya 1990 kilichotamba kilikuwa Netscape. Agosti 1995 kampuni ya Microsoft ikaleta chake, Internet Explorer, na mbio zikaanza. Hadi Agosti 2001 Microsoft ilikuwa imetoa matoleo sita. Sita kwa miaka sita! Mmoja akiongeza kitu, mwenziwe halali.

Ila Microsoft haikushindana kwa ubora peke yake. Kivinjari chake ilikifungasha bure ndani ya Windows, mfumo uliokwisha kuenea katika kompyuta nyingi mno duniani. Serikali ya Marekani iliishitaki Mei 1998. Amri ya kuigawa kampuni hiyo ilitenguliwa katika rufani mwaka 2001, lakini kosa la kulinda ukiritimba wake kinyume cha sheria lilithibitishwa. Netscape wakati huo ilikuwa hoi.

Sasa sikilizeni. Toleo la sita, lile la 2001, likatawala soko, na Internet Explorer ikawa inatumiwa na watu zaidi ya 9 katika kila 10. Toleo la saba lilikuja lini? Oktoba 2006. Kampuni ile ile, yenye fedha za kumwaga, miaka mitano! Katikati ilikuwa viraka juu ya viraka. Juni 2004 wezi walipopenya katika tundu zake, kitengo cha serikali ya Marekani cha usalama wa kompyuta kilitaja, miongoni mwa njia za kujikinga, kutumia kivinjari kingine.

Najua yupo atakayesema kwamba nyumba yenye mali ndiyo huvamiwa. Sawa. Lakini kufungua kurasa kadhaa katika dirisha moja, jambo ambalo wapinzani wadogo walikuwa nalo tayari, kulizuiwa na mwizi gani?

Novemba 2004 ikatoka Firefox, iliyochipuka katika magofu ya Netscape. Watu wakaikimbilia. Februari 2005, miezi mitatu tu, Bill Gates mwenyewe akatangaza kwamba toleo la saba linakuja. Mimi siamini kwamba hiyo ilikuwa sadfa.

Hasara haikuisha hapo. Ofisi nyingi zilikuwa zimeunda mifumo yao ya kazi kwa ajili ya toleo la sita tu, zikashindwa kuhama. Machi 2011 Microsoft yenyewe ilianzisha kampeni ya kuwasihi watu waliache, toleo lake lenyewe, lenye umri wa miaka karibu kumi!

Leo anayetamba ni Chrome ya Google, iliyoanza 2008. Tangu 2020 hata Edge ya Microsoft inaendeshwa kwa injini ile ile ya Chrome. Safari na Firefox bado zipo, ila baadhi ya watengenezaji wa kurasa hujaribu kazi zao katika Chrome, wakaridhika. Ukikuta ofisi inakuambia kwamba huduma yake haifunguki kwingine, waulize kwa nini.