Sauti au Picha: Podikasti katika Mazingira ya Tunduma na Mkoa wa Songwe

Podikasti ni kipindi kinachorekodiwa na kuwekwa mtandaoni ili msikilizaji akifungue kwa wakati wake, bila kungoja ratiba ya redio. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 2004, na mwaka uliofuata Apple ikaziingiza podikasti katika iTunes. Wakati huo zilikuwa sauti zaidi. YouTube ndiyo iliyozoesha watu picha, na Tanzania nayo imefuata mkondo huo: mazungumzo marefu kama SalamaNa ya Salama Jabir yamejulikana kwa kutazamwa. Ndiyo maana watayarishaji wengi wachanga huanza kwa kutafuta kamera. Kwa Songwe, mpangilio huo unafaa kupinduliwa.

Kwanza kuna suala la bando. Saa moja ya sauti iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 29. Saa moja ya video ya megabiti moja tu kwa sekunde, ambayo bado ni ya ubora wa chini, hufika MB 450. Anayetazama kipindi kimoja angeweza kusikiliza 15. Faili dogo hutumwa kwa WhatsApp, hukopiwa kwenye memori kadi, na kusikilizwa kwenye redio ya flashi katika wilaya za Ileje au Momba ambako mtandao unasuasua. Njia hii haihesabiwi na takwimu za YouTube, lakini ndiyo inayofika mbali.

Pili, Tunduma na Songwe kwa jumla ni mahali pa safari na kazi za mikono. Dereva wa lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Zambia hawezi kutazama skrini akiwa kwenye usukani, wala mchumaji wa kahawa wa Mbozi akiwa shambani. Masikio yao yako huru.

Sauti humsaidia pia msimulizi. Mama anayevusha bidhaa kati ya Tunduma na Nakonde, upande wa Zambia, atasema mengi kuhusu usumbufu wa mpakani iwapo uso wake hauonekani. Hata hivyo, sauti nayo hutambulika. Jina na sehemu anayofanyia biashara vifichwe akiomba.

Video ina mahali pake halali. Upogoaji wa mibuni hufundishwa vizuri kwa kuonyesha tawi lipi linakatwa na lipi linaachwa. Dalili za ugonjwa wa chulebuni kwenye tunda la kahawa hutambulika haraka zaidi kwa jicho. Kosa hutokea sauti ya video inapong'olewa na kutolewa kama podikasti. Mtaalamu anasema, “Kata hapa, hili acha,” na msikilizaji habaki na kitu. Kipindi cha sauti humtaka mtaalamu aseme: ondoa machipukizi yanayoota chini kwenye shina, acha tawi changa lenye afya.

Kwa sheria, namna zote mbili ni maudhui ya mtandaoni chini ya kanuni za mwaka 2020, zilizorekebishwa 2022. Anayetoa habari huhitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), awe na kamera au asiwe nayo.

Kwa kikundi chenye fedha kidogo, maikrofoni nzuri itangulie kamera. Kikundi kirekodi katika chumba chenye mapazia mazito na magodoro ukutani, mbali na barabara, kwa sababu ngurumo ya malori haiondoki vizuri kwenye uhariri. Simu ipige picha zile dakika chache tu zinazohitaji kuonekana, zitolewe kama video fupi zinazomwelekeza mtazamaji kwenye kipindi kamili cha sauti.