Safari Ndefu kwa Kipimo cha Mbwa

Tarehe 23 Mei 1903, daktari Horatio Nelson Jackson aliondoka San Francisco kwa gari aina ya Winton lenye nguvu ya farasi 20, lisilo na paa wala kioo cha mbele. Siku chache kabla yake, katika klabu moja ya mjini humo, alikuwa amewekeana dau la dola 50 na wenzake kwamba gari linaweza kuvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani. Alifuatana na fundi, Sewall Crocker. Mbwa walimpata njiani, huko Idaho: bulldog aliyeitwa Bud, ambaye Jackson alimnunua kwa dola 15.

Sehemu kubwa ya magharibi ya nchi ile, msikilizaji, ni mbuga kavu zenye udongo wa magadi. Vumbi lake linachoma macho, na gari la wazi linalitimua lote na kulirudisha usoni mwa abiria. Wanaume wale wawili walikuwa na miwani ya kujikinga. Bud alipoanza kuvimba macho naye akavishwa yake, na kila mji waliopita watu walikimbilia barabarani kumtazama. Miwani hiyo imehifadhiwa hadi leo mjini Washington, katika makumbusho ya historia ya Marekani ya Smithsonian, pamoja na gari lenyewe.

Picha ya mbwa mwenye miwani huchekesha, na kwa sababu hiyo kisa kizima mara nyingi huishia kwenye picha. Yaliyompata Bud yana uzito zaidi ya hapo. Macho yalimuuma kwa sababu hakuna aliyefikiria macho ya mbwa kabla ya kumpandisha garini. Tena njiani alikunywa maji ya magadi, akaugua, na ni bahati tu kwamba alipona. Jackson mwenyewe alikuwa amepanga njia kwa akili nyingi: alizunguka kaskazini kupitia Oregon ili akwepe mchanga wa Nevada, uliokuwa umeshinda gari jingine miaka miwili kabla. Alilifikiria gari, mafuta na mito ya kuvuka. Waliingia New York saa kumi na nusu alfajiri ya tarehe 26 Julai, baada ya siku 63, Bud akiwa hai, na baadaye akaishi na familia ya Jackson huko Vermont.

Maoni ya leo yanatokana na hapo. Mtu anayetaka kuvuka nchi kubwa na mbwa wake na aipange safari kwa kipimo cha mwili wa mbwa, tangu siku ya kwanza ya kufungua ramani. Mbwa hakuombwa ridhaa. Haelewi kwa nini nyumba yake imepungua ikawa kiti cha nyuma, wala hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma au kwamba ana kiu tangu saa mbili zilizopita. Binadamu akichoka atalalamika; mbwa atahema tu.

Kabla ya ramani, hata hivyo, kuna karatasi. Mwandishi John Steinbeck alilijua hilo mpakani. Mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 58, aliondoka nyumbani kwake Sag Harbor, jimbo la New York, kwa gari la mizigo lililojengewa chumba cha kulala nyuma, akazunguka Marekani karibu kilomita 16,000. Mwenzake alikuwa Charley, mbwa mkubwa wa aina ya poodle aliyezaliwa Ufaransa. Kitabu alichoandika, Travels with Charley, kilitoka mwaka 1962, mwaka ule ule aliopata Tuzo ya Nobel. Waliochunguza safari hiyo baadaye wameonyesha kwamba mwandishi alitia chumvi, hasa kwenye mazungumzo na watu aliokutana nao, kwa hiyo kitabu hakisomwi kama kumbukumbu ya siku kwa siku. Kisa cha mpakani, lakini, kinaweza kumpata msafiri yeyote.

Alikuwa amekusudia kuingia Kanada penye maporomoko ya Niagara, akatize Ontario, kisha atokee Detroit. Ofisa wa Kanada alimpokea kwa upole na kumweleza kwamba tatizo halikuwa kuingia, lilikuwa kutoka: upande wa Marekani hawatamruhusu mbwa kurudi bila cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Steinbeck hakuwa nacho. Akageuza gari, akafuata barabara ya kusini ya Ziwa Erie. Karatasi moja ya mbwa ilibadili njia ya safari.

Masharti ya sasa ni makali kuliko ya wakati wa Steinbeck. Ndani ya Marekani, majimbo mengi hudai mbwa awe na chanjo ya kichaa, na mengine hutaka pia cheti cha afya kilichotolewa karibuni na daktari wa mifugo. Tangu tarehe 1 Agosti 2024, mbwa yeyote anayeingia nchini humo, hata yule aliyekatiza Kanada kwa siku moja, lazima awe ametimiza miezi 6, awe na chipu chini ya ngozi, na mwenye mbwa awe amejaza fomu ya Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC. Hapa wasikilizaji wa Afrika Mashariki wanahusika moja kwa moja. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo ziko kwenye orodha ya CDC ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Anayehamia Marekani na mbwa aliyechanjwa huku atadaiwa mengi zaidi, na hawezi kumpitisha kwenye mpaka wa nchi kavu. Ni lazima ashukie kwenye viwanja vichache vya ndege vilivyoteuliwa. Familia inayopanga kufika Toronto kwanza, ikodi gari na kuteremka nalo hadi Ohio pamoja na mbwa wake, ijue hilo kabla ya kulipia tiketi.

Karatasi zikishakamilika, ndipo ramani ifunguliwe. Njia kuu ya I-80 inatoka San Francisco hadi New Jersey, mlangoni mwa New York, kiasi cha kilomita 4,700. Dereva mwenye haraka huimaliza kwa siku nne. Kwa mbwa, siku nane ni hesabu ya haki zaidi: kusimama kila baada ya saa mbili au tatu, anyooshe miguu, anywe maji, ajisaidie, anuse nyasi kwa utulivu. Kunusa huko si anasa. Ndivyo mbwa anavyojua amefika wapi. Chakula apewe kidogo, saa tatu au nne kabla ya gari kuondoka, maana wengi hutapika kwa mtikisiko, na wapo wanaohitaji dawa ya kichefuchefu kutoka kwa daktari. Akae nyuma, amefungwa mkanda maalumu wa kifuani au awe ndani ya kizimba kilichokazwa. Mbwa wa kilo 30 aliyeachwa huru anarushwa kama jiwe gari linapofunga breki za ghafla, na mfuko wa hewa wa kiti cha mbele umetengenezwa kwa kifua cha mtu mzima.

Barabara ya I-80 ina mambo yake. Nevada mwezi Julai inaweza kufika nyuzi 38 za Selsiasi, kwa hiyo ipitwe alfajiri. Wyoming inapanda hadi zaidi ya mita 2,600, na majira ya baridi upepo na theluji huifunga mara kwa mara. Nebraska na Iowa ni tambarare zenye vituo vingi vya mapumziko vilivyotengewa sehemu ya mbwa. Wenye malori wanayajua haya kuliko mtu yeyote. Wengi wao husafiri na mbwa kwenye kabini, na baadhi ya madereva hao ni wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia huko. Ushauri wa dereva aliyeipita njia ile miaka kumi, pamoja na mbwa wake, una thamani kuliko kitabu chochote cha utalii.

Joto ndilo linalostahili kuogopwa kuliko yote. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, na hewa anayoivuta ikiwa ya moto kuhema hakumsaidii. Mwili wake kwa kawaida uko kati ya nyuzi 38 na 39. Ukivuka 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2005 vipimo vya gari lililoegeshwa juani: katika saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22, sehemu kubwa katika nusu saa ya mwanzo, na kuacha dirisha wazi kidogo hakukuleta tofauti ya maana. Siku ambayo nje kuna ubaridi mzuri wa nyuzi 22, ndani ya gari mna tanuri. Tangu mwaka 2017, sheria ya California inamruhusu mpita njia kuvunja kioo kumwokoa mnyama aliye hatarini, mradi ameita polisi kwanza. Ni sheria njema. Anayesafiri peke yake na mbwa apange tangu nyumbani atakula wapi na choo atakitumia wapi, kwa sababu ile kauli ya dakika tano tu ndiyo inayoua.

Halafu kuna hifadhi za taifa, ambazo kwa wengi ndiyo sababu ya safari. Huko Yellowstone mbwa haruhusiwi kwenye njia za miguu wala njia za mbao. Anatakiwa awe kwenye kamba isiyozidi mita 1.8, na asitoke zaidi ya mita 30 kutoka barabarani au kambini. Steinbeck aliingia humo na Charley, mbwa mpole ambaye hakuwahi kugombana na kitu, na Charley alipowaona dubu akapandwa na wazimu kiasi kwamba ilibidi watoke. Wageni wengine wanaliona katazo hilo kuwa ubaguzi dhidi ya mbwa. Wangesikiliza yaliyotokea mwaka 1981: mbwa mmoja aliruka ndani ya chemchemi ya moto iitwayo Celestine, na kijana mmoja akajitosa kumwokoa katika maji ya nyuzi 94. Wote wawili walikufa. Anayetaka kutembea porini na mbwa wake achague misitu ya taifa, ambako masharti ni mepesi zaidi, au hifadhi ya Acadia huko Maine, ambayo ina njia nyingi zilizo wazi kwa mbwa.

Magonjwa nayo yana majimbo yake. Bonde la Mississippi na ukanda wa Ghuba ya Meksiko vina mbu wanaoeneza minyoo ya moyo, inayozuilika kwa dawa ya kila mwezi na ni taabu kubwa kuitibu. Kaskazini-mashariki kuna kupe wenye ugonjwa wa Lyme. Vumbi la Arizona lina kuvu inayoingia mapafuni, hasa kwa mbwa wapendao kufukua. Daktari wa mifugo aonyeshwe njia yote, jimbo kwa jimbo, mwezi mmoja au zaidi kabla ya kuondoka. Na kwenye ramani, kando ya majina ya moteli, ziandikwe kliniki zinazofunguliwa usiku. Charley alishindwa kukojoa akiwa milimani, karibu na mpaka wa Idaho na Washington, na bwana wake akaendesha gari akitafuta msaada. Daktari aliyempata Spokane, kwa maelezo ya kitabu, hakujali. Ugonjwa ulirudi Texas, na huko Amarillo akatokea kijana aliyemshika mbwa kwa mikono ya mtu anayeijua kazi yake, akamweka kliniki siku kadhaa, na safari ikasubiri.

Linabaki swali ambalo watu wengi hawapendi kujiuliza: je, mbwa huyu aende? Wenye pua fupi hupumua kwa shida na joto huwashinda upesi. Mbwa mzee mwenye viungo vinavyouma, jike mwenye mimba, au mbwa anayetetemeka kila akisikia injini, atakuwa na raha zaidi akibaki kwa jirani anayemjua. Kwa wengine, majaribio ya siku mbili yanatosha: kilomita 300, usiku mmoja moteli, kisha kurudi. Asipokula usiku huo, akilia mpaka asubuhi, au akijaribu kuchomoka mlango wa gari ukifunguliwa, wiki moja barabarani itakuwa mateso kwake. Akila, akalala, na asubuhi akalifuata gari mwenyewe, basi namba ya simu iliyosajiliwa kwenye chipu yake ihakikishwe kwamba ndiyo inayotumika sasa, kisha mizigo ipakiwe.