Tuuze Chombo Gani Tupate Nyumba?

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Dagahaley

Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya akiba kwa jumla, lakini nimeona afadhali tushike jambo moja tu, kwa maana limeletwa kwangu mara nyingi. Mtu ana vyombo viwili au vitatu vya usafiri, hana nyumba yake, na anataka kuuza kimoja apate ploti. Auze kipi?

Zamani swali hili halikuwapo pande hizi. Mama alijenga aqal kwa miti na mikeka, na siku ya kuhama ngamia wa mizigo aliibeba nyumba yote mgongoni. Siku hizi tunataka chombo chenyewe kigeuke kuwa nyumba. Kikishageuka hakirudi.

Nitawapa habari ya familia moja ya wenyeji. Wameniruhusu niseme, majina nimeyaacha. Walikuwa wamepanga chumba karibu na soko, baba, mama na watoto sita. Walikuwa na pikapu kuukuu, pikipiki anayoendesha kijana wao wa kwanza, na gari la punda. Kila mwisho wa mwezi kodi, na watoto wanazidi kukua. Mkopo wenye riba hawakuutaka, kwa ajili ya dini yao. Zamu yao ya ayuuto ilikuwa mbali. Wakaamua kuuza.

Mzee alikuja na uamuzi tayari: tuuze punda na pikipiki, pikapu ibaki. Nikamwuliza kwa nini. Akasema pikapu ndiyo inayoleta pesa nyingi, mtu hulipwa maelfu kwa safari moja, na punda ni punda tu. Mama alikuwa amekaa kando, hakusema kitu. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi, na nimejifunza kumwogopa mama anayenyamaza! Nikawaomba jambo moja: kwa siku 30 kila chombo kiwe na ukurasa wake katika daftari la shule. Upande huu kilicholeta, upande ule kilichokula. Binti yao wa darasa la saba ndiye aliyekuwa karani.

Haya, sikilizeni hesabu. Pikapu ilikwenda safari 8, ikaleta shilingi 44,000. Mafuta yalikula 22,000. Dereva na utingo 7,000. Gurudumu moja na fundi wa springi 9,500. Ikabaki 5,500, na bima ya mwaka hatujaigusa. Siku nyingine 22 za mwezi ilisimama chini ya mti, na watoto wakiichezea.

Gari la punda lilifanya kazi siku 25, kubeba maji, kuni, na mizigo ya watu wanaotoka kuchukua chakula cha mgao. Liliingiza kama 600 kwa siku, yaani 15,000. Majani na kibarua kidogo cha kuziba tairi vilikula 4,000. Ikabaki 11,000. Tena kuna kitu ambacho karani hakukiandika, mpaka mama alipofungua mdomo. Akasema: "Na maji yetu sisi? Mitungi minne kila siku, ni nani aliyeibeba?" Kweli kabisa. Punda akiuzwa, mama ataanza kumlipa mtu mwingine amletee maji. Hasara hiyo haionekani siku ya kuuza.

Mzee alilisoma daftari mara mbili. Nilimwona amekasirika kidogo, si kwa sababu hesabu ilikuwa mbaya, ila kwa sababu pikapu ni heshima. Mtu mwenye gari huitwa kwenye harusi, hushauriwa, hupishwa njiani. Mimi siwezi kusema heshima si kitu. Lakini nilimwuliza, heshima hiyo inalipa kodi ya chumba?

Ya pikipiki ilikuwa fupi. Ilinunuliwa kwa awamu na deni lilikuwa limebaki miezi 7. Kitu chenye deni si chako cha kuuza mpaka umalize, au mpaka mwenye deni akubali kwa maandishi. Tena ndiyo kazi ya kijana. Ukimnyang'anya kijana kazi ili umjengee nyumba, atakaa ndani ya nyumba hiyo akifanya nini?

Basi wakakubaliana kuuza pikapu. Hapo nikawazuia tena, na wengine mtanilaumu. Nikasema, msiuze kwanza. Tafuteni ploti kwanza, mwijue kweli kweli, ndipo muuze. Pesa taslimu ndani ya nyumba ina miguu: jamaa atafiwa, mwingine atataka nauli, mbuzi wazuri watapita. Ndugu yako akikuomba huku anajua unazo, utamnyima?

Ploti ya kwanza waliyoonyeshwa ilikuwa ya bei rahisi, upande huu huu wa kambi. Muuzaji alikuwa na karatasi yenye mihuri. Hapa tusikilizane vizuri. Sehemu kubwa ya ardhi ya pande hizi ni ardhi ya jamii. Kwa katiba ya 2010, ikiwa haijasajiliwa, serikali ya kaunti huishika kama mdhamini kwa niaba ya jamii. Na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaikataza hata kaunti yenyewe kuiuza. Sasa kama kaunti haiwezi kuiuza, huyu jamaa mwenye mihuri anauza nini? Wazee wanaweza kukuonyesha mahali ujenge ukae kwa amani, na wengi wetu tunaishi hivyo. Hiyo ni nzuri. Lakini hiyo si kununua, na usiuze gari kwa ajili yake.

Wakageukia Garissa mjini, kama kilomita 100 kutoka hapa, maana mjini zipo ploti zenye hati miliki. Dalali akawapeleka kwenye ploti ya pembeni mwa mji, bei 400,000. Ilipendeza. Mzee akataka kutoa arubuni siku hiyo hiyo. Tukaenda kwanza ofisi ya usajili wa ardhi, tukaomba daftari lipekuliwe kwa namba ya ploti. Jina lililoandikwa halikuwa la muuzaji. Ada ya kupekua ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya gari. Yule dalali simu yake haikushikwa tena.

Ploti ya tatu ndiyo iliyokuwa safi: jina la mwenyewe, hakuna rehani juu yake, na mke wa muuzaji alikuwepo akakubali. Waliandikiana mapatano mbele ya wakili, pande zote zikatia sahihi, mashahidi wakatia sahihi. Mapatano ya ardhi ya mdomo hayatetewi kortini, hata kama mlikunywa chai pamoja na wazee wakashuhudia. Bei ilikuwa 380,000, na muuzaji alikubali kungoja siku 60. Hesabuni pia ushuru wa stempu wa serikali, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani. Watu wengi huusahau, halafu hukopa dakika ya mwisho.

Ndipo pikapu ikatangazwa. Waliuza wakati wa malisho mazuri, watu wana pesa. Mnakumbuka ukame wa 2020 mpaka 2023, mvua zilipokosa misimu mitano? Wakati ule kila mtu aliuza na hapakuwa na mnunuzi. Pikapu ilipata 430,000, zikalipwa kupitia benki. Na mzee hakutoa funguo mpaka gari lilipohamishwa jina. Jambo hili watu wa pande hizi hulidharau sana. Sheria ya trafiki hairuhusu gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 bila kuandikishwa kwa mwenye mpya. Likibaki kwa jina lako na likagonga mtu, au likabeba magendo, mlango utakaobishwa ni wako.

Neno kwa ndugu zetu wakimbizi mlio hapa, maana wengine mmekaa tangu kambi hizi zilipoanza mwaka 1991 na 1992, na watoto wenu wamezaa watoto. Katiba, Kifungu cha 65, inasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa kukodi tu, muda usiozidi miaka 99. Najua wengine hununua ploti kwa jina la rafiki Mkenya, kama vile gari lenu lilivyo kwa jina lake. Gari ukidhulumiwa umepoteza gari. Ploti ikidhulumiwa umepoteza gari uliloliuza na nyumba pia. Kwa hivyo kabla hamjauza chombo cha kazi, mwoneni mwanasheria. Sitawadanganya kwamba jambo hili ni jepesi.

Mwishoni mzee alimwomba mnunuzi wa pikapu fadhili moja, safari ya mwisho. Punda na gari lake vilipakiwa nyuma, vikapelekwa Garissa. Mama alikuwa ameshaulizia kwa wenye punda wa huko, akajua maji na mchanga vina wabebaji lakini kazi haijatosheka. Kijana alibaki hapa Dagahaley na pikipiki, amebakisha awamu mbili. Nilipowatembelea nilikuta chumba kimoja cha bloki chenye mabati, na msingi wa cha pili. Bloki zote zilibebwa na punda yule. Mzee bado hutembea kwa miguu na bado hunilalamikia kwa ajili hiyo.

Nimeona mama wa pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja deni la pikipiki. Karibu, mama, sema.