Kipimo Kifurikacho

Leo tulitazame neno moja la Bwana Yesu, lililo katika Injili ya Luka, sura ya 6, kifungu cha 38. Nasi tulipeleke sokoni, Kariakoo.

Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Waafrika wengi mno walibebeshwa mizigo katika vita hivyo, na wengi wao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Mahali hapo pana jina la mizigo, na hata leo wachukuzi hupita njiani wameinama chini ya magunia.

Gunia hilo pengine ni lumbesa, na mkulima wa bara alijua sana jambo hili. Mnunuzi huja shambani, hujaza viazi mpaka mdomo wa gunia, kisha hushona kamba na kuongeza kichwa kingine juu yake. Lakini alipa bei ya gunia moja. Sheria ya Tanzania hairuhusu gunia la mazao kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, husimamia jambo hilo. Hata hivyo lumbesa haijakwisha. Mkulima hupata hasara, naye mchukuzi huumia mgongo.

Labda mtu atauliza, “Je, Bwana Yesu hakusifu kipimo kilichojaa hata kikafurika?” Ndiyo, alikisifu. Lakini tusome vema: maneno yale yaanza kwa amri ya kutoa. Muuza nyanya akiisha kupima, akaongeza moja kwa mkono wake mwenyewe, hiyo ni nyongeza, nayo ni ukarimu. Bali mnunuzi akimlazimisha mkulima mwenye shida ya ada ya mtoto, huo ni unyang'anyi, ijapokuwa gunia lafurika vile vile.

Tena Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, yakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Basi yeye anunuaye kwa lumbesa shambani, kisha akauza mjini kwa kopo lililobonyezwa kitako, mawe yake ni mawili, hata kama hana jiwe mfukoni. Naye mkulima afichaye viazi vibovu chini ya gunia asijihesabu kuwa mwenye haki.

Mkumbukeni Zakayo, katika Luka sura ya 19. Hakutubu kwa midomo tu. Aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Toba yake ilionekana katika fedha zake. Basi, ndugu yangu, kesho ushikapo gunia, lijaze kwa haki, ulishone mdomoni pake, ulipe bei yake. Ukitaka kufurisha kipimo, kifurishe kile umpacho mwenzako.