Simu ya Umma na Amri Zitokazo Mbali

Rugerero ni sekta ya wilaya ya Rubavu, jirani na mji wa Gisenyi, huko magharibi ya Rwanda. Mtu akisimama usiku kwenye miinuko ya upande huo huziona taa za Goma, na simu aliyo nayo mara nyingine huuacha mnara wa Rwanda ikashika mnara wa Kongo pasipo mwenyewe kuulizwa. Raia hulichukulia jambo hilo kuwa kero ya gharama tu. Askari hana budi kulitazama kwa jicho jingine, maana chombo kinachoweza kubadili utii wake kimyakimya ni chombo kinachostahili kuulizwa maswali.

Simu za mkononi zilianza Rwanda mwaka 1998, kampuni ya MTN ilipofungua mitambo yake. Bei ya chombo kimoja siku hizo ilikuwa nje ya uwezo wa mkulima, na ndipo zilipoenea simu za kulipia zilizoitwa Tuvugane, neno la Kinyarwanda lenye maana ya "tuzungumze". Kenya ilikuwa na Simu ya Jamii ya Safaricom kuanzia mwaka 2003, na Uganda ilikuwa na simu za vijijini za MTN mwaka huo huo. Muuzaji aliketi barabarani na simu isiyo na waya, ndani yake mna kadi ya laini kama ile ya simu ya mkononi. Mteja alizungumza, dakika zikahesabiwa, akalipa akaenda zake. Biashara hiyo imefifia, kwa kuwa leo hata mchuuzi wa ndizi ana simu yake mfukoni. Lakini funzo lake halijafifia, na wenye dhamana ya ulinzi wanalihitaji sasa kuliko wakati ule.

Ili funzo hilo lieleweke, yafaa kurudi nyuma hadi Marekani, ambako simu za kulipia zilikuwa nyingi na wezi wake walikuwa hodari. Katika simu za zamani za sarafu nchini humo, kila sarafu iliyotumbukizwa ilitoa mlio: senti 5 mlio mmoja, senti 10 milio miwili, senti 25 milio mitano ya haraka. Mtambo wa kampuni uliokuwa mbali ulisikiliza milio hiyo ukaamini kwamba fedha imeingia. Wajanja wakaunda kijisanduku cha kutoa milio ile ile, wakapiga simu bila ya kulipa hata senti moja. Mtambo haukuwa na kosa la ufundi. Ulikuwa na kosa la kuamini.

Mwaka 1984 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu watu binafsi kumiliki simu za kulipia. Simu hizo mpya hazikutegemea milio ya sarafu. Kila moja ilibeba kompyuta ndogo yenye orodha ya bei na ya namba, pamoja na modemu ya kuzungumza na ofisi. Mwenye mali aliketi kwake, akaipigia simu yake usiku, akajua sanduku limejaa kiasi gani, akabadili bei, akafunga namba hii na kufungua ile. Ilikuwa faraja kubwa kwake, kwa sababu hakulazimika tena kumtuma fundi kwenye kila kibanda.

Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mwenye nyumba haumtambui mwenye nyumba kwa sura. Aliyeijua namba ya kibanda aliweza kukipigia, na modemu ikaitika. Kilichobaki ni neno la siri, na mara kwa mara neno hilo lilikuwa lile lile lililowekwa kiwandani, lililochapwa katika kitabu cha maelekezo, likajulikana kwa kila fundi aliyepata kuajiriwa na hata kwa yule aliyefukuzwa. Akishakubaliwa, mgeni huyo alikuwa bwana. Simu ilimtii kama ilivyomtii mwenyewe: bei ikawa sifuri, namba iliyofungwa ikafunguka, hesabu ikasema yasiyotendeka. Kibanda chenyewe kilibaki pale pale barabarani, kufuli yake nzima, kioo chake kizima, na polisi wa doria akipita huona kila kitu kiko salama.

Wizi wa dakika ni hasara ya kampuni, na kampuni huweza kuibeba. Jambo zito kwa polisi ni ushahidi. Tuseme simu ya vitisho imepigwa, na orodha ya kampuni inaonyesha laini ya mfanyabiashara mmoja wa Rugerero. Tangu mwaka 2013 laini zote nchini Rwanda zilitakiwa kuandikishwa kwa kitambulisho, kwa hiyo jina linapatikana upesi, na mwenye jina hukamatwa upesi zaidi. Pengine ndiye. Pengine chombo chake kiliamriwa kutoka mbali, na yeye alikuwa amelala. Uandikishaji humtaja mwenye laini. Haumtaji aliyekiamuru chombo. Mpelelezi anayechanganya mambo hayo mawili humfunga mtu asiye na hatia na, lililo baya zaidi kwa usalama, humwacha mhalifu akiendelea na kazi yake.

Watu wa Gisenyi na Ruhengeri hawahitaji kuhadithiwa thamani ya habari ya kweli inayofika kwa wakati. Katika miaka ya 1997 na 1998 waasi waliingia katika maeneo hayo na raia wengi waliuawa, wakati ambapo mwanakijiji hakuwa na simu ya kuitia msaada. Tarehe 27 Januari 2025, vita vilipokuwa Goma, risasi na makombora yalivuka mpaka yakaua raia wa Rubavu. Leo anayelinda irondo, yaani zamu ya usiku ya kijiji, anategemea kwamba akibonyeza 112 atampata polisi. Chombo kinachoweza kubadilishiwa orodha yake ya namba na mtu asiyejulikana kinaweza pia kumnyima msaada huo.

Itasemwa kwamba vibanda vimekwisha, basi hatari imekwisha. Sivyo. Kilichokuwa ndani ya kibanda kimehamia mfukoni. Kadi ya laini ni kompyuta ndogo, na kampuni huipa maagizo kwa ujumbe wa hewani usioonekana kwenye kioo cha simu. Mwaka 2013 mtaalamu wa Ujerumani, Karsten Nohl, alionyesha kwamba kadi nyingi zilikuwa bado zinalindwa kwa msimbo wa DES, uliotolewa tangu mwaka 1977. Alituma agizo lenye saini ya uongo. Baadhi ya kadi zikalikataa, lakini katika kulikataa zikajibu kwa saini yao wenyewe, na kutokana na jibu hilo kompyuta ya kawaida ikaupata ufunguo katika dakika chache. Mlinzi alimfukuza mgeni, kisha akamwonyesha funguo.

Mwezi Septemba 2019 kampuni ya AdaptiveMobile Security ya Dublin ilitangaza jambo jingine, ikaliita Simjacker. Ujumbe maalumu ulitumwa kwa kadi zenye programu fulani ya zamani, na kadi ikajibu kwa kutaja mnara iliyoko karibu nao. Simu haikulia, haikutikisika, wala haikuacha alama kwenye orodha ya ujumbe. Kampuni hiyo ilieleza kwamba mbinu hiyo ilikuwa imetumika kufuatilia watu kwa muda usiopungua miaka 2. Askari wa lindo mwenye simu mfukoni afikirie hilo: kikosi kimejificha vizuri, moto umezimwa, sauti zimeshushwa, na kadi moja ya laini inamtajia mtu wa mbali mahali walipo.

Mpakani liko pia tatizo la minara. Katika mtindo wa zamani wa mawasiliano, ule wa 2G, mtambo huihakiki simu lakini simu haiuhakiki mtambo. Mwenye mashine ya kuigiza mnara huweza kuzivuta simu zilizo karibu naye, na mahali ambapo simu zimezoea kurukaruka kati ya nchi mbili hakuna atakayeshtuka.

Rwanda inayo sheria ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018, na Ofisi ya Upelelezi, RIB, iliyoundwa mwaka 2017. Sheria hiyo ina nguvu pale tu mpelelezi anapojua la kuuliza. Aiombe kampuni si orodha ya simu zilizopigwa peke yake, bali pia orodha ya maagizo ambayo chombo kilipokea, saa yalipofika na mahali yalikotoka. Achunguze kama neno la siri la kiwandani lilipata kubadilishwa. Chombo chenyewe kifungwe mahali pasipofikiwa na mawimbi kabla hakijafutwa kutoka mbali, kwa maana kuzima tu na kuwasha tena ofisini ni kumpa mhalifu nafasi ya pili.

Kwa upande wa jeshi na vituo vya polisi, iko kazi ya kuhesabu. Laini haziko kwenye simu za askari tu: zimo katika vyombo vya kufuatilia magari, katika kengele za maghala, katika mageti yanayofunguliwa kwa ujumbe. Kila chombo cha namna hiyo ni kibanda cha simu kisicho na kibanda. Kiandikwe namba yake, mwaka wa kadi yake, aliyekifunga, na wote wanaolijua neno lake la siri. Na fundi aliyeondoka kazini aondoke pamoja na neno lililobadilishwa siku hiyo hiyo.