Sambaza Alitoka Wapi?



Juzi mpwa wangu, aliye mwaka wa pili wa sekondari, aliniomba simu. "Mjomba, mwalimu ametutuma tufanye utafiti wa Ziwa Kivu kwenye intaneti." Nikampa. Nusu saa haikupita, alikuwa amejaza kurasa tatu za daftari: ukubwa wa ziwa, kina chake, gesi ya methani, vyote kwa Kiingereza kilichonyooka. Nikagusa neno moja kwa kidole, nikamuuliza maana yake. Akanyamaza. Nikagusa la pili. Akainamisha kichwa.

Simlaumu mtoto. Aliambiwa alete habari za Kivu, akazileta. Kasoro ilikuwa katika swali alilopewa, na maswali ya namna hiyo ni mengi mno katika shule zetu.

Sasa tuseme angeulizwa hivi: sambaza, samaki tunaowala kila siku, walitoka wapi, na kuja kwao kulibadilisha nini kwa wavuvi wa hapa wilayani Rusizi, Rwanda? Wengi wetu tunadhani sambaza ni wa Kivu tangu enzi na enzi. Sivyo. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Vililetwa vifaranga vya samaki wa aina mbili, na aina moja tu ndiyo iliyomudu maisha ya huku. Wenyewe wasingeweza kupanda, kwa maana mto Rusizi huteremka karibu mita 700 toka Kivu hadi Tanganyika, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko hapa hapa kwetu, kwenye makorongo yenye mabwawa ya umeme.

Swali hilo halijibiki kwa kunakili. Mwanafunzi atasoma ukurasa mmoja unaoeleza habari za samaki, mwingine unaoeleza mto, halafu itambidi avuke kwenda kisiwa cha Nkombo kumuuliza mzee wavu wake ulikuwa ukitoa nini zamani, na lini ilianza kazi ya kufunga mitumbwi mitatu pamoja na kuvua usiku kwa taa. Akirudi darasani atakuwa na jambo la kusema ambalo mwalimu mwenyewe hakulijua. Na kama maneno ya mzee hayalingani na ya mtandaoni, hapo ndipo somo linapokolea: nani asadikiwe, na kwa nini?

Njia hii haikuzuka jana. Mwaka 1995, Bernie Dodge, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego huko Marekani, pamoja na mwenzake Tom March, waliunda mpango walioupa jina WebQuest. Shabaha yake ni kwamba muda wa mwanafunzi utumike kuzifanyia kazi habari, usiishie katika kuzisaka. Kwa hiyo mwalimu huzipitia kurasa mwenyewe kabla, akachagua chache zinazoaminika, akawagawa wanafunzi katika vikundi, kila mmoja na kazi yake, na mwisho wakatoa kitu kimoja walichokitengeneza pamoja.

Walimu wa hapa wakiusikia mpango huu, najua watakalosema: bando ni ghali, kompyuta hazitoshi, umeme hukatika. Ni kweli, na anayewaambia vinginevyo hajakaa darasani. Lakini tazameni vizuri: kurasa tano zilizochaguliwa na kuhifadhiwa kwenye mashine moja siku mtandao ulipokuwa mzuri hula bando kidogo kuliko wanafunzi arobaini wanaopapasa kila mmoja kwa simu yake. Na kuhusu kompyuta, Rwanda ilianza kugawa zile ndogo kwa watoto wa shule mwaka 2008. Mtaala wa umahiri uliozinduliwa 2015 unataka mwanafunzi achunguze na agundue mwenyewe. Mtaala uko upande wenu. Linaloniuma ni chumba cha kompyuta kinachofungwa kwa kufuli eti mashine zisiharibike, wakati mashine isiyotumika ni hasara tayari.

Jambo jingine ni lugha, na hapa Rusizi tuna bahati tusiyoitumia. Mtoto wa hapa anasikia Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni na mpakani, Kiingereza darasani, na wengine wanajua Kifaransa. Akiandika "isambaza" kwenye mtandao atapata kurasa fulani. Akiandika "sambaza" atakutana na za jirani zetu wa Bukavu, ng'ambo ya mto kule Kongo. "Ndagala" itampeleka Bujumbura. Jina la kitaalamu, Limnothrissa miodon, litamfungulia kazi za watafiti. Sheria ya mwaka 2017 ilikifanya Kiswahili kuwa moja ya lugha rasmi za nchi hii. Basi mwalimu amruhusu mwanafunzi asome kwa lugha anayoielewa, kisha aeleze kwa ile ya mtihani. Kunakili kwingi huanzia hapo: mtoto hunakili asichokielewa kwa kuwa hawezi kukisema kwa maneno yake.

Ninawaomba, walimu wa Rusizi, kabla ya muhula huu kwisha, chagueni swali moja tu la hapa hapa. Mpunga wa Bugarama, chai ya Shagasha, tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lililoangusha nyumba pande zote mbili za mpaka. Liandaeni vizuri, mjaribu na darasa moja. Wakuu wa shule, fungueni vile vyumba. Nanyi wavuvi wetu, mtoto akija ufukweni na daftari mkononi, msimfukuze. Mketisheni, mumwambie mlichokiona kwa macho yenu.