Manemane, Maji na Spiriti
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Garsen)



Garsen haina reli, nasi ni watu wa reli. Lakini katika karakana tumepaka mbao polishi ya lakri iliyoyeyushwa kwa spiriti, na huko ndiko tulikojifunza jambo tunalowaletea leo. Katika nyika za Tana kuelekea Garissa mna miti itoayo manemane. Aiokotaye porini na aitengenezaye kiwandani wote ni wafanyakazi. Yafaa wajue kazi yao.

Saga manemane, uigawe mafungu matatu. La kwanza litie maji. Yatageuka kama maziwa, kwani gundi yayeyuka lakini utomvu haukubali maji. Gundi hiyo ikikauka huvunjika upesi, na ikiloa hunata tena.

La pili litie spiriti. Yenyewe huchukua utomvu na harufu, ikaacha gundi chini. Ipake ubaoni, ingoja ikauke: itabaki ngozi ngumu, yenye kung'aa, isiyoyeyuka kwa maji.

La tatu tuwaachie wenye viwanda. Wao hutia heksani, itokayo katika mafuta ya petroli. Hiyo hupenda mafuta zaidi, nayo hutoa kitu laini chenye kunata. Mti ni mmoja, lakini kila kiyeyusho chatoa mali yake.

Kwa hiyo, waokotaji, msichanganye manemane na gundi ya mgunga. Gundi ya mgunga huyeyuka katika maji, wala haikubali spiriti. Mnunuzi mwenye kikombe cha spiriti atagundua mara moja, naye atashusha bei ya gunia zima.

Na ninyi wa viwandani, jihadharini. Spiriti na heksani hushika moto upesi. Tena mvuke wake huingia mwilini. Sisi wenyewe tulipaka polishi chumbani, madirisha yamefungwa, tukatoka na kizunguzungu. Mkubwa wa kazi akasema tumezoea uvivu. Huko Japani, miaka ya 1960, watengenezaji wa ndara waliotumia gundi yenye heksani walipata ganzi ya mikono na miguu, wengine wakashindwa kutembea vema. Huo haukuwa uvivu.

Basi kabla ya kushika kazi ulizeni: ndani ya pipa mna nini? Madirisha yako wapi? Moto uko mbali? Asiyejibiwa asinyamaze, aje chamani. Utomvu huuzwa kwa kilo, lakini mkono uliokufa ganzi hauna duka.